Mjomba, Tafadhali Usizitupe Kanda Zile

Kwako Mjomba,

Tangu tulipoketi pamoja kwenye arusi, maneno yako hayajanitoka. Ulisema kwamba ikiwa Wamarekani hufufua vipindi vyao vya zamani kila mwaka, basi nasi tuirudishe Vitimbi, kile kipindi cha vichekesho cha televisheni ya taifa ya Kenya, KBC, tuwaweke vijana wapya katika nafasi za wahusika wake Ojwang' na Mama Kayai, na sebule zetu zitajaa tena jioni. Mezani wote walikuunga mkono, nami nikanyamaza kwa heshima. Nakuandikia hadharani kwa sababu nimewasikia wengi wa rika lako, na hata wa rika langu, wakitamani jambo hilo hilo, na kwa sababu sikubaliani nawe, ijapokuwa hamu yako naielewa mno.

Naielewa kwa kuwa ilizaliwa nyumbani kwako. Ile televisheni ya Great Wall isiyo na rangi, iliyokaa ndani ya kabati la mbao lenye kufuli pale mtaani Jericho, Nairobi, ilitulea. Ufunguo ulikuwa nao wewe, na hukulifungua kabati kabla viatu havijapangwa mlangoni na watoto wa majirani hawajapata nafasi sakafuni, mbele yetu sisi wa nyumba. KBC ilipokuwa ikionyesha tamthilia ya Tausi mwanzoni mwa miaka ya 1990, mimi niliyezoea Sheng ya mtaani nilisikia kwa mara ya kwanza Kiswahili kikibeba mapenzi, wivu na hila bila kupaza sauti. Nyanya alikuwa akikaa kwenye kigoda karibu na jiko, akicheka sekunde moja baada ya sisi sote, kwa kuwa alisubiri umtafsirie.

Ndiyo maana nadhani tunayemlilia ni Nyanya, pamoja na sakafu ile iliyojaa watoto. Mwaka wa 1688 daktari mmoja kijana wa Uswisi, Johannes Hofer, alibuni neno nostalgia ili kuyapa jina maradhi ya watu walioishi mbali na kwao, na tiba aliyoitegemea ilikuwa kuwarudisha nyumbani. Wagonjwa wake walikuwa na mahali pa kurudi. Sisi, nyumba ya Jericho ingalipo, lakini tuliokuwa sakafuni tumetawanyika, na Nyanya amepumzika.

Kampuni za filamu zinaifahamu hamu hiyo. Hadithi inayojulikana haihitaji kutambulishwa upya, haki zake tayari ziko mikononi mwa kampuni, na mzazi aliyeipenda atakwenda na watoto wake. Filamu ya katuni ya The Lion King ya mwaka wa 1994 ilipotengenezwa upya mwaka wa 2019, ikifuata ya kwanza kwa karibu sana, ilikusanya zaidi ya dola bilioni 1.6. Niliitazama na mwanangu. Simba yule alifanana kabisa na simba wa mbugani, na kwa sababu hiyo hiyo uso wake haukuweza kuonyesha huzuni iliyoniliza nilipokuwa mtoto. Nakiri kwamba Bel-Air ya mwaka wa 2022, iliyofufua kipindi cha zamani cha The Fresh Prince, ilinigusa, kwa maana watengenezaji wake waliacha vichekesho vya kile cha kwanza wakauliza kwa uzito ni nini anachopoteza kijana wa Philadelphia anapohamishiwa kwa jamaa zake matajiri. Hao walikuwa na swali lao wenyewe.

Sasa, Mjomba, ni nani atakayekuwa Ojwang'? Benson Wanjau aliyemwigiza alikuwa Mkikuyu, lakini lafudhi ya Kijaluo ilimkaa mdomoni hata wengi wakaamini kwamba alizaliwa kando ya ziwa. Aliijenga kwa miaka mingi, Mama Kayai akimjibu kila neno, mpaka alipofariki Julai 2015. Kijana atakayevaa miwani na kofia yake leo atakuwa akimwiga mwigaji. Vioja Mahakamani, kile kipindi cha vichekesho vya kesi, ni jambo tofauti, kwa sababu kizimba kilibaki pale pale kwa miongo kadhaa huku waigizaji wakipokezana, na watazamaji wakazoea kila sura mpya ilipoingia.

Linaloniuma zaidi ni kwamba tunazungumzia kuigiza upya kabla ya kuuliza kanda za vipindi vya kwanza ziko wapi. Uingereza, BBC ilifuta kanda nyingi za miaka ya 1960, zikiwemo sehemu nyingi za kipindi cha hadithi za kubuni za kisayansi cha Doctor Who, kwa kuwa kanda zilikuwa ghali na ziliweza kurekodiwa tena. Mwaka wa 2013 ilitangazwa kwamba sehemu 9 zilizodhaniwa kupotea zilikuwa zimepatikana katika kituo cha televisheni mjini Jos, Nigeria. Kilichofutwa London kilisalia kwenye rafu ya Jos.

Nawe una rafu yako. Nazikumbuka kanda za VHS ulizokuwa ukirekodi kwa deki ya video, kila moja na mwandiko wako wa kalamu nyekundu ubavuni, nyingine zikiwa na habari za saa moja na matangazo ya biashara uliyosahau kuyaruka, ambayo leo ningependa kuyaona kuliko chochote. Utepe wa kanda huharibiwa na joto, unyevu na kuvu hata kama haujaguswa. Nimesikia kwamba unahamia mashambani Desemba na kwamba vitu vya kabatini vitagawiwa. Nakusihi, kanda hizo usizigawe wala usizichome. Nitakuja Jumamosi na fundi mmoja wa River Road, katikati ya Nairobi, anayezihamishia kwenye kompyuta. Usizijaribu kwenye deki kabla hatujafika, maana utepe ulioshikana hukatika.

Mpwa wako.