Barua kwa mwanangu kabla ya safari ya Doha

Mwanangu,

Assalaam aleikum. Kwa simu unanikata kila nikilifikia neno lenyewe, ndiyo maana nakwandikia. Ndege yako ni Jumapili usiku, nami nina jambo moja: hizo sindano za gym usijichome tena.

Majibu ya damu ya nduguyo, mwana wa mamako mkubwa, yamerudi. Miaka miwili alikuwa akiambiwa ana ule ugonjwa wa neva unaommaliza mtu upesi. Sio huo. Ni ugonjwa wa Kennedy, jina la daktari William Kennedy aliyeueleza mwaka 1968. Kosa lenyewe la kwenye jeni likaja kujulikana 1991. Huenda polepole, na wengi hufika uzeeni. Lakini mikono hutetemeka, misuli hukazana, mapaja huishiwa nguvu, ulimi huchezacheza mdomoni na chakula kikampalia mtu. Na kifua cha mwanamume huvimba. Hapo wanielewa.

Daktari alitueleza nikafahamu kwa sababu ni mambo ya manda za sambusa. Kila protini mwilini ni utepe mrefu unaokunjwa ukapata umbo lake. Kwenye jeni moja iliyo katika kromosomu ya X kuna herufi tatu, CAG, zinazojirudia, na kila rudio huongeza punje moja ya glutamini kwenye utepe. Watu wengi wana marudio ishirini na kitu. Yakifika 38 na kuendelea ndiyo huo ugonjwa. Wajua manda ikizidi urefu inavyokuwa. Pembe haikai, inaachia, inanata na ya jirani, ukija kutazama sinia imekuwa donge. Ndivyo ifanyavyo protini hiyo ndani ya neva zinazoamrisha misuli, na ndani ya misuli yenyewe. Seli ina njia zake za kuondoa taka, lakini taka hii huilemea.

Sasa nisikilize. Kazi ya protini hiyo ni kupokea testosteroni, homoni ya kiume. Zikishikana tu, inaingia kwenye kiini cha seli, na hapo ndipo ubaya unapoanza. Sisi wanawake tunaobeba jeni hiyo mara nyingi hatuugui, kwani homoni hiyo kwetu ni kidogo na tunayo X ya pili. (Mimi usiku nyayo hunikaza, lakini sijawahi kumwambia mtu.) Japani tangu 2017 wameruhusu wagonjwa hawa wachomwe leuprorelini, dawa ya kuishusha testosteroni. Haiponyi. Lakini wenzio wanachomwa ishuke, wewe wajichoma ipande? Na wewe hujui hata umebeba nini!

Mwanamume mwenye kosa hili huwapa binti zake wote, na wanawe wa kiume hawapi hata mmoja. Ndiyo maana wajomba zako wote ni wazima, tukasema limeondoka na babu yako. Kumbe lilikaa kwetu sisi wasichana. Mamako mkubwa analo, mimi ninalo, na kila mtoto niliyemzaa ni nusu kwa nusu. Watu wakiuliza habari ya mikono ya babu yako nilikuwa nikijibu baridi yabisi. Baridi yabisi haimwagi chai namna ile. Ulipokuja kwangu na misuli imekukaza nilikupaka mafuta ya karafuu nikakwambia hunywi maji. Na lile neno la siku ya Idi kuhusu kifua chako, mbele ya dada zako. Nimehesabu, gym ilianza mwezi huohuo.

Kukuona juu ya kreni pale Kilindini hunijaza kifua, na majirani wote wanajua kwamba Doha walikuita wao. Lakini mtu wa kreni anakula kwa mikono yake. Ya kwako nimeiona ukishika kikombe, usinambie ni kahawa. Na pesa unazotia kwenye vile vichupa, ilhali ada ya mtoto unaniomba mimi!

Jumamosi asubuhi twende ukatolewe damu. Wanahesabu marudio, basi. Majibu yatakukuta hukohuko. Nitalipa mimi, pesa za sambusa za Ramadhani sijazigusa. Huenda huna kitu. Lakini ukiwa nalo, binti yako naye analo, na akikua aambiwe wazi, asije akaambiwa baridi yabisi. Dada zako nimewaambia jana. Mkubwa alinyamaza mpaka nikadhani simu imekatika.

Maji ya bomba hayajatoka tangu Jumatatu, na mwenye mkokoteni kapandisha bei ya mtungi. Fundi wa tangi alikuja akatazama akaondoka. Ile feni yako niachie, hii yangu inapiga kelele usiku. Ijumaa baada ya sala njoo ule, nitapika pilau, na umlete mtoto.

Vichupa vyako nimeviona nyuma ya sabuni kwenye kabati la chumba chako cha zamani. Sikuvigusa. Ukija Ijumaa utavitoa mwenyewe, nami nitakuwa nimesimama mlangoni.

Mamako