Aliyeitwa Aje, na Asiyeitwa Aitwe

Ndugu Mhariri,

Ukitaka kuvuruga baraza lolote la jioni hapa Ngamiani, taja Richmond, ile kashfa ya mkataba wa umeme wa dharura. Miaka imepita, lakini wapo wanaoapa kwamba marehemu Edward Lowassa alionewa, na wapo wanaosema yalimfika aliyostahili. Sitaki kuamua ugomvi huo. Ninachokumbuka ni lalamiko lake bungeni Dodoma, Februari 2008, siku alipotangaza kuandika barua ya kujiuzulu uwaziri mkuu: kwamba kamati teule ya Dk. Harrison Mwakyembe ilihoji watu chungu nzima, yeye haikumhoji. Kamati nayo ilikuwa na sababu zake. Mawaziri wawili, Nazir Karamagi na Ibrahim Msabaha, nao wakaachia ngazi, Baraza la Mawaziri likavunjwa, na sisi wananchi tukabaki na ripoti mkono mmoja na lalamiko mkono wa pili. Waziri Mkuu kuulizwa maswali kwa kiapo, akajibu tukamsikia, hatukupata.

Naanza na hilo kwa sababu tukizungumzia viongozi wanaokataa kutoa ushahidi huwa tunamtazama anayegoma tu. Asiyeitwa naye ana hasara yake kwetu, maana anapata la kusema maisha yake yote, na pengine ana haki ya kulisema.

Wanaogoma tunawajua. Jacob Zuma alitangaza kuunda tume ya Jaji Raymond Zondo Januari 2018, akiwa bado Rais wa Afrika Kusini, ichunguze jinsi dola ilivyotekwa na wafanyabiashara. Novemba 2020 zamu yake ilipofika, alinyanyuka akaondoka bila ruhusa ya mwenyekiti. Februari 2021 akaitwa tena, hakutokea kabisa. Mwezi Juni mwaka huohuo Mahakama ya Katiba ikamhukumu kifungo cha miezi 15. Kosa lake halikuwa wizi, maana kesi ya wizi haikuwa mbele ya majaji wale. Alifungwa kwa kudharau amri ya mahakama iliyomtaka aende akajibu. Najua yaliyofuata: vurugu, maduka kuporwa, watu zaidi ya 300 kufa, na mzee mwenyewe kutoka Septemba kwa sababu za kiafya. Atakayesema wenzetu walilipa ghali mno sitambishia. Nasema tu kwamba mahakama yao haikuona haya kumwambia rais mstaafu kwamba samansi ni samansi.

Marekani ndiyo shule ya jambo hili. Mwanzoni mwa 1973, kamati ya Seneti iliyochunguza Watergate, kashfa ya kuvunjwa kwa ofisi za chama cha upinzani, ilipotaka wasaidizi wa Rais Nixon, yeye alisema hawaendi, mazungumzo ya Ikulu ni siri ya Rais. Mwenyekiti wa kamati, Sam Ervin, akajibu kwamba asiyekuja atakamatwa. Nixon akalegea. Juni, John Dean, aliyekuwa mwanasheria wa Ikulu, akakaa mbele ya kamera siku kadhaa akieleza nani alijua nini. Julai, Alexander Butterfield, msaidizi wa zamani, akaulizwa swali moja akasema ndiyo, maongezi ya ofisini kwa Rais yalikuwa yakirekodiwa. Hapo ndipo kila kitu kilipogeuka. Mahakama ya Juu ya nchi ile, majaji wanane kwa sifuri, ikakubali Julai 1974 kwamba Rais ana siri zake, ila haziwezi kuzuia ushahidi wa kesi ya jinai. Siku kumi na sita baadaye Nixon hakuwa Rais tena. Butterfield angeruhusiwa kubaki nyumbani, mikanda ile tungeisikia wapi?

Nitaambiwa kila mtu ana haki ya kunyamaza asijitie hatiani. Kweli, na siitaki iondoke. Hiyo ni ngao ya mshtakiwa mbele ya dola. Mkurugenzi aliyesaini mkataba kwa kalamu ya serikali, akiulizwa habari za mkataba huo, anaulizwa kazi aliyolipwa mshahara kuifanya. Akiona majibu yake yatamponza, anyamaze, lakini anyamazie nyumbani kwake, kiti akiache. Na yakiwa kweli ni mambo ya usalama wa taifa, kamati ifunge mlango imsikilize faraghani. Mbona mlango upo.

Mtaani kwetu kuna mama anauza mihogo ya kukaanga. Aliitwa shahidi Mahakama ya Mwanzo, kesi ya wizi wa baiskeli (Tanga hii, mji wa baiskeli, kesi nyingine ingekuwa ipi). Samansi aliifunga kwenye pindo la kanga pamoja na nauli, karai likalala siku hiyo. Kijana wa upande wa pili akamwuliza kwa ukali, mama akajibu: "Mwanangu, nilichokiona ndicho hicho. Nisichokiona sikisemi." Asingekwenda, hakimu angeweza kutoa hati akamatwe. Hakuna aliyemwuliza kama biashara yake ina siri.

Wakubwa wanaitwa kwa Sheria ya Kinga, Madaraka na Haki za Bunge, ambayo ina nguvu ya kutosha kumleta mtu na makabrasha yake. Tatizo ni inaamshwa kwa ajili ya nani. Januari 2019 Spika Job Ndugai alimwita Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu, Profesa Mussa Assad, mbele ya kamati ya maadili kwa neno "udhaifu" alilolisema kuhusu Bunge, akaonya kwamba asipokuja ataletwa kwa pingu. Profesa akaja kwa miguu yake. Yaani pingu tulizikumbuka kwa mkaguzi, mtu anayetuonyesha hela zilipotobokea!

Halafu huu mtindo wa kujiuzulu. Kwetu mtu akishaandika barua, maswali yanakufa, tunampongeza kwa "kuwajibika". Kwenye kashfa ya Escrow ya Tegeta, akaunti ya Benki Kuu iliyochotwa zaidi ya shilingi bilioni 300, Mwanasheria Mkuu alijiuzulu Desemba 2014, waziri mmoja akaondolewa mwezi huohuo, mwingine akajiuzulu Januari 2015. Barua ya kujiuzulu isimwondolee mtu wajibu wa kuja kuapa na kueleza. Nani asiyetaka kumsikia aliyekuwa ndani?

Na yote haya yaonekane. Januari 2016 serikali ilitangaza kwamba TBC, televisheni ya taifa, inaacha kurusha vikao vya Bunge moja kwa moja kwa sababu ya gharama, tukawa tunasikia mambo ya Dodoma kwa vipande vilivyokwisha kukatwa.

Kwako Mhariri nina ombi dogo lisilohitaji sheria. Kila kamati ya Bunge inapoita watu, gazeti lako liandike orodha: aliyeitwa, aliyefika, aliyetuma msaidizi, na aliyesema anaumwa. Ukurasa wowote, hata kando ya matangazo ya vifo, tutautafuta.

Msomaji wako,
Ngamiani, Tanga