Kaka, Lonnie Johnson alikuwa anapiga kila kitu

Kaka, shikamoo.

Simu zangu hupokei, basi naandika hapa, na watu wasome. Siku ya harusi ya dada nilikuwa katikati ya solo, nikaingiza bluzi kidogo, ule muziki wa huzuni wa Wamarekani weusi, ndani ya rumba. Ukatoka kwenye kinanda chako, ukachomoa waya wa gitaa langu, ukasema kwenye maiki: "Huyu hata hajui anapiga nini." Mama akainamisha uso. Waya ningekusamehe. Uso wa mama siwezi.

Na wewe ndiye uliyenijulisha Lonnie Johnson, yule mpiga gitaa mweusi wa Marekani! Ile kaseti ulikuwa ukiirudisha nyuma kwa kalamu ili betri zisiishe. Niambie basi, yule alikuwa anapiga nini? Mtoto wa New Orleans, alianza na fidla kwenye bendi ya baba yake. Mwaka 1927 yuko studio na Louis Armstrong, mpiga tarumbeta wa jazi: Armstrong anaimba bila maneno, gitaa linamjibu, wenzao wamenyamaza. 1928 yuko na Duke Ellington na bendi yake ya jazi. Mwaka huohuo anaanza kurekodi gitaa mbili na Eddie Lang, mzungu ambaye kwenye santuri aliandikwa Blind Willie Dunn, jina kama la mpiga bluzi mweusi, kwa sababu Marekani ya wakati ule haikutaka weusi na weupe wasikike pamoja. 1948 anaimba wimbo wa mapenzi, polepole kabisa, unashika namba moja kwenye chati ya muziki wa weusi.

Na kote huko, ukimsikia tu unamjua ni yeye. Anadona uzi mmoja mmoja, anauvuta kidogo, anauacha utetemeke. Sauti yake nayo laini, hapigi kelele hata akiimba machungu. Kubadili mtindo hakukumpotezea jina. Mbona kwangu liwe kosa? Wazee wa meza ya nyuma waliinuka kucheza, uliwaona.

Nasikia unauza kinanda. Usifanye hivyo, kaka yangu. Mwaka 1959 Johnson alikuwa mfagiaji wa hoteli Philadelphia, gitaa kaliweka kando, mpaka mtangazaji wa redio Chris Albertson alipomtafuta. Akarekodi tena, akazunguka Ulaya, akaishia Toronto akipiga bado. Vidole vyako havijazeeka kuliko vyake. Mimi mwenyewe uliniaibisha mbele ya ukoo mzima na sikuacha, wiki iliyofuata nilikuwa jukwaani.

Kama shida ni hela, nitajie bei nikinunue mimi. Kitakaa kwangu mpaka utakapokitaka.