Seva zetu na Wi-Fi ya bure

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wakuu wa ofisi zetu. Mei 12, 2017 kirusi cha WannaCry kilianza kufunga mafaili ya kompyuta katika nchi zaidi ya 150, kikidai kulipwa kwa bitcoin, sarafu ya kidijitali. Huko Uingereza, hospitali za umma ziliahirisha maelfu ya miadi ya wagonjwa. Kinachoniuma ni kwamba Microsoft ilikuwa imetoa sasisho la kuziba tundu la Windows ambalo kirusi hicho kilipitia tangu Machi 14.

Hadi leo naingia ofisini nakuta mtu anabofya "baadaye" kila kompyuta inapoomba kusasishwa. Seva, yaani kompyuta kuu inayotunza data za ofisi, iko stoo, nywila imebandikwa ukutani, na diski ya nakala za data imechomekwa kwenye seva hiyohiyo mwaka mzima. Kirusi kikiingia, kinafunga vyote. Jamani, diski ichomolewe, iwekwe mbali, na mara kwa mara mjaribu kurejesha data iliyomo.

Nasi wateja tujihadhari na Wi-Fi ya stendi na migahawani. Yeyote anaweza kuwasha mtandao wenye jina lilelile, simu ikajiunga yenyewe. Ukiletewa ukurasa unaotaka nywila ya barua pepe, usiiandike. Mambo ya benki tumia bando lako.

Wenye migahawa, tenganisheni mtandao wa wateja na ule wa kompyuta ya mauzo. Ruta nyingi, yaani vile vifaa vinavyosambaza Wi-Fi, zina sehemu ya kufanya hivyo, na ni kazi ya dakika chache tu.

Fundi kompyuta,
Morogoro