Malalamiko kuhusu safari ya Kisite

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Ofisi Kuu, Nairobi.

6 Februari 2026

Kwa Meneja,

KUH: SAFARI YA KISITE, JUMAPILI TAREHE 1 FEBRUARI

Nilikuja mwenyewe ofisini kwenu hapo katikati ya jiji nikalipa shilingi 28,500 za watu watatu: mimi, mwanangu wa miaka 10, na baba yangu, mwalimu mstaafu asiyetoka nyumbani bila darubini. Tangazo lenu liliahidi snokeli (kuogelea kwa miwani na mrija wa kupumulia) kwenye matumbawe ya Kisite, hifadhi ya bahari karibu na Shimoni, na ndege wa pwani kwenye fungu la mchanga. Baba alimtaka ndege mmoja tu, yule mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene, mla kaa, ambaye hutua pwani yetu miezi hii ya kaskazi. Nilimweleza hivyo kijana wenu wa mauzo. Aliandika kabisa.

Gari lilikuwa litufuate Diani saa kumi na mbili u nusu asubuhi. Lilifika saa nne kasoro robo. Dereva simlaumu, ofisi ndiyo iliyomwagiza apitie kwanza Nyali kuchukua wateja wengine, akakwama kwenye feri ya Likoni. Jahazi liling'oa nanga Shimoni karibu saa sita.

Sasa hapa mnivumilie, maana ndipo penye lalamiko langu. Siku hiyo mwezi ulikuwa mpevu na maji ni ya bamvua, yaani hujaa na kupwa kupita kawaida. Yalikupwa mnamo saa nne asubuhi, na ndio wakati ndege wale hushuka kwenye mchanga uliofichuka kusaka kaa. Tulipofika Kisite maji yalikuwa yanajaa kwa kasi. Nahodha alizima mashini, akanyoosha kidole kwenye maji ya kijani yasiyo na kitu, akamwambia baba, "Fungu liko hapo chini, mzee. Asubuhi walikuwa wamejaa hapo." Baba aliinua darubini hata hivyo, akaielekeza pale, akaishusha, akaanza kufuta vioo ambavyo havikuwa na uchafu.

Snokeli nayo tuliambiwa dakika 20, na tusiachie kamba ya jahazi kwa sababu ya mkondo. Miwani aliyopewa mwanangu ilikuwa ya mtu mzima, mkanda umefungwa kwa sutli. Iliingiza maji kila alipoinamisha kichwa. Alimeza chumvi, akalia, akapanda. Chakula cha kisiwani Wasini sikilalamikii, kilikuwa kitamu. Baba alisema ndege hatukumwona, lakini angalau kaa wake tumemla sisi.

Niliporudi Nairobi nilipiga simu. Mhudumu wenu akanijibu kwamba bahari haina ratiba na ndege hawaagizwi. Ndege nakubali. Lakini bahari ndiyo yenye ratiba kuliko ninyi: jedwali la maji kujaa na kupwa huchapishwa mwaka mzima mapema, na kila mvuvi wa Shimoni analijua hata bila kulisoma. Nyinyi mliopanga gari lianzie Nyali hamkuliangalia.

Jambo jingine dogo: mlisema ada ya hifadhi imo kwenye bei. Pale Shimoni ilibidi niilipe upya kwa eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali, la sivyo tusingeondoka. Risiti nimeiambatisha pamoja na picha ya ile miwani.

Naomba mnirudishie ada hiyo yote na nusu ya nauli, yaani shilingi 14,250, kwa M-Pesa ya nambari niliyolipia, ndani ya siku 14. Msipofanya hivyo nitapeleka nakala ya barua hii kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii, na nitadai haki yangu chini ya Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya 2012.

Vocha ya safari nyingine mliyonitajia kwenye simu siitaki. Baba ameshampata nahodha yule kwa simu, na wameshapanga siku na saa wao wenyewe.

Wenu,
Mteja (jina na nambari ya risiti zimo kwenye viambatisho)