Walimu wa gita, msitufukuze sisi wenye vidole vigumu

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nitoe hii maneno kifuani. Hapa Nairobi ukiwa mzee halafu useme unataka kujifunza gita watu wanacheka, hiyo tumezoea, lakini ukiongeza kwamba una baridi yabisi na vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kushoto havikunji, basi hata mwalimu anakukimbia. Mmoja aliniambia, "Mzee, hizo vidole zimekauka, si ujaribu kwaya." Na hata gita hakuwa amenipa nishike!

Wengi wao wanafunza njia moja tu. Unaanza na chord ya C (sauti kadhaa zikilia pamoja), unaenda G, alafu lazima ushike ile F ya kulaza kidole cha shahada juu ya nyuzi zote sita, ukishindwa umefeli. Kwani nani aliweka hiyo sheria? Django Reinhardt, mpiga gita wa jazi, aliungua na moto 1928 vidole viwili vya kushoto vikaharibika, na zile solo zake alizipiga na viwili vilivyobaki, mpaka leo watu wa jazi wanahangaika kumfuata. Tony Iommi wa Birmingham, mpiga gita wa bendi ya roki ya Black Sabbath, mashine ya kiwanda ilimkata ncha za vidole, akajitengenezea vifuniko vya plastiki na akatafuta nyuzi nyepesi. Na kwetu Afrika je? Jean-Bosco Mwenda, mpiga gita wa Katanga kule Kongo, yule wa kipindi cha Aspro redioni hapa Nairobi (dawa ya maumivu jamani, sisi wa baridi yabisi tungemsikiza kwa makini), mkono wake wa kulia ulichuna kwa dole gumba na kidole cha shahada tu, na wapiga gita wengi wa Kenya walimuiga.

Mimi nilikuwa fundi cherehani. Mteja akija bega moja limeshuka nilikuwa napima hilo bega nashona koti, sikumtuma akalinyooshe kwanza. Gita pia inapimwa. Nyingi za bei ya chini nyuzi ziko juu sana, lazima ubonyeze kama unafunga bolti, na fundi akisugua na msasa kile kijiti cheupe kinachobeba nyuzi kule chini zinashuka, unabonyeza kidogo tu. Kama ni ya waya, weka seti ya nyuzi nyembamba, ile ya 10 badala ya 12. Au nunua ya nailoni, ni laini zaidi, ila shingo yake ni pana kwa hivyo ishike kwanza uone, na usije ukaifunga nyuzi za chuma, zitang'oa kile kibao kilichogundishwa kinachoshika nyuzi.

Na kuna kulegeza nyuzi. Uzi wa sita, ule mnene kabisa, toa sauti ya E peleka D, wa tano toa A peleka G, wa kwanza toa E peleka D, sasa ukicharaza bila kushika chochote ni G kamili. Laza gita mapajani, teleza kichupa cha glasi juu ya nyuzi, kwenye chuma cha tano (vile vyuma vilivyokatiza shingo) ni C, cha saba ni D, na pambio ngapi za kanisa zinataka zaidi ya hizo tatu? Kwa hii hata nyuzi zikiwa juu ni sawa, afadhali hata. Mkono wa kushoto ukikataa kabisa geuza gita, funga nyuzi kinyume, kulia kushike. Lakini viungo vikivimba na kuwaka wacha siku hiyo, muulize daktari, usishindane na mkono.

Walimu wa mtaani na wa kanisani, mkituona tukiingia tuulizeni kwanza ni kidole gani kinakunja na kipi kinauma, ndio mchague pa kuanzia. Na nyinyi wenye maduka huko mjini, wekeni hata gita moja iliyoshushwa nyuzi tujaribu kabla ya kulipa, maana ile mliyotundika ukutani hata kijana inamtoa machozi.

Fundi cherehani mstaafu,
Kariobangi, Nairobi