Mwanangu, si wewe uliyeua injini

Marahaba, baba. Mama yako amenifikishia salamu zako. Yeye hajambo, ila goti ni lile lile. Mvua zimekata, upepo umeanza, na Kizota sasa ni vumbi tupu; nguo ukizianua jioni unazikung'uta kama mkeka.

Nimeona niandike, maana kwenye simu nitauliza habari za kazi halafu nitakata. Jambo lenyewe ni la lori letu, Bedford. Ile siku ilipotoka Kibaigwa ikitoa moshi wa bluu, imekunywa oili njia nzima, nilisema pale gereji mbele za watu kwamba umeikanyaga mpaka umeiua. Nikakunyang'anya ufunguo, nawe ukaenda zako Singida kuendesha gari la mtu. Sasa sikia nilichokikuta.

Mwezi uliopita tumefungua injini. Slivu, yale mabomba ambamo pistoni inapanda na kushuka, zimelika mpaka juu, pale ringi inapoishia, pamebaki ngazi. Ukipitisha ukucha unakwama. Nikazipanga ringi za pistoni moja juu ya gazeti. Ya juu imebaki nyembamba kama wembe, za chini zina nafuu. Vumbi linaloingia na hewa huanza na ringi ya juu, ndiyo inayolipokea kwanza. Dereva wa kukanyaga haachi alama ya namna ile. Nikaingiza kidole kwenye bomba la kuingizia hewa, baada ya filta, mahali ambapo hewa inatakiwa iwe imeshachujwa. Kikatoka chekundu. Nikausugua ule unga kwa vidole viwili, ukakwaruza kama msasa.

Na filta ile nani aliifunga? Mimi. Wewe ulikuwa darasa la sita. Fundi mmoja aliniambia eakilina ya mafuta, lile chujio la hewa lenye bakuli la oili, ni ya kizamani, inaibana injini pumzi, tuweke ya karatasi. Tukaweka karatasi ya gari jingine, mpira wa kuunganishia ukawa mkubwa kuliko mdomo wa bomba, tukajaza nafasi kwa vipande vya tyubu na kukaza kwa waya. Halafu barabara za vumbi za kutoka mashambani Bahi zikawa zinaiziba kila safari, na utingo akawa anaipigapiga kwenye tairi ili vumbi litoke. Mimi nilikuwa nimesimama pale nikimwangalia, hata nikamsifu. Karatasi ikapigwa mpaka ikatoboka.

Sisemi karatasi ni mbaya. Karatasi nzima, ya saizi yake, ndani ya nyumba yake, inachuja kuliko ile ya mafuta. Yetu haikuwa na hata kimoja kati ya hivyo.

Basi nikaanza kuitafuta ile eakilina ya asili. Mfuniko ulikuwa juu ya pipa la pumba. Bakuli lake, utacheka, mama yako alikuwa analinyweshea kuku miaka yote hii, na siku nilipolichukua aliniuliza kuku watanywea wapi. Nimemnunulia beseni. Kile kiini cha nyavu za waya kilikuwa stoo, kimejaa udongo wa manyigu.

Nyavu nimeziloweka kwenye mafuta ya taa usiku kucha, asubuhi nikazisukasuka, nikamwaga, nikarudia mara tatu mpaka yakatoka meupe. Wapo wanaozichoma moto ili zisafike haraka. Usikubali, waya unalegea na kukatika, na vipande vyake vinamezwa na injini. Petroli nayo usiitumie, utaungua wewe. Bakuli nililijaza maji nikaliweka juu ya boksi kavu. Kulipokucha boksi limelowa upande mmoja. Kitundu kama tundu la sindano, kutu ya maji ya kuku. Mchomeleaji wa Majengo amekiziba kwa shaba, kwa moto mdogo ili bati lisijikunje. Rangi nimepiga nje tu. Ndani sikupaka, rangi ikibanduka safari yake ni moja, kwenye silinda.

Lile shikizo la mpira la duara, la kuzibia bakuli, ndilo lilinitesa. Nilikata la tyubu, siku mbili likavimba kwa oili na kujipinda. Sasa nimeweka la koki, lile gome laini la vizibo vya chupa. Nati ya masikio ilipotea, nimechomelea masikio kwenye nati ya kawaida. Si nzuri kwa macho lakini inakaza kwa mkono.

Ndani ya bakuli, baada ya kukwangua, kuna mstari umegongwa na kiwanda. Oili inaishia hapo, ile ile unayoweka kwenye injini. Hewa inashuka kwa kasi, ikifika juu ya oili inageuka ghafla kupanda. Vumbi ni zito, haliwezi kukata kona ile, linadumbukia. Lililobaki linanaswa na nyavu zilizolowa, na oili ikidondoka inarudi nalo chini. Ukipunguza chini ya mstari, vumbi linapita. Ukizidisha, injini inainywa oili yenyewe, na hii ya dizeli inaweza kupagawa, ikanguruma hata umefunga dizeli. Babu yako alifanya kibarua Kongwa wakati Waingereza walipokuja na matrekta yao mwaka 1947 kulima karanga. Alikuwa akisema udongo ule ulikula majembe ya chuma kama mchwa anavyokula mti. Kufika 1951 wakaacha. Vumbi tunalolizungumzia ni la nchi hiyo hiyo.

Jumapili tuliiwasha. Nikachukua ubao, nikauweka kwenye mdomo wa eakilina kuziba hewa. Injini nzima inatakiwa ife. Haikufa! Ilikohoa, ikapunguza sauti, ikaendelea kunguruma polepole. Kwa hiyo inapumua pengine. Nikainamisha sikio, nikasikia msonyo chini ya ule mpira wa kona, upande unaoelekea injini ambako macho hayafiki. Ufa wa urefu wa kidole. Tulipobadilisha mpira na kuweka klipu mbili, nikarudisha ubao. Ikazima hapo hapo, ubao ukanata kwenye mdomo mpaka nikaubandua kwa nguvu.

Nimewaambia wale wale waliokuwepo gereji siku ile. Nimewaonyesha na ringi. Mmoja akasema, "Mzee, hilo si ungekaa nalo?" Nikamwambia gari ni langu na maneno yalikuwa yangu.

Mpunga wa Bahi umeanza kutoka, na gari linahitaji dereva ambaye atafungua bakuli kila jioni akiwa kwenye vumbi, si kila mwezi. Kama huyo mwenye gari wa Singida atakuachia, njoo. Pitia madukani huko, uniletee koki nene ya kukata shikizo jingine la akiba. Hapa nimezunguka, wanayo nyembamba tu.

Baba yako